Pesa Iko Njiani: Mwongozo kwa Shabiki Mgeni

Kwa hivyo umehamia Dagoretti, umepata chumba upande wa Riruta, na jirani amekuambia kwamba Jumamosi unaweza kupanda 111 hadi uwanja wa raga wa RFUEA, pale Ngong Road, ukastarehe. Jirani yako ni mtu mwema. Ila kuna jambo amekuficha, pengine kwa huruma: michezo ya huku ina msimu wa ligi, msimu wa uhamisho na msimu wa migomo, na huo wa tatu ndio pekee ambao haujawahi kuahirishwa.

Kwanza, yasahau uliyoyaona kwenye televisheni kuhusu migogoro ya wachezaji wa ng'ambo. Chukua hoki ya barafuni ya Amerika Kaskazini, ligi ya NHL. Kule wanaogoma mara nyingi ni matajiri. Mkataba wa pamoja ukiisha bila mwafaka, wenye timu hufunga milango: hakuna mazoezi, hakuna mechi, hakuna mshahara. Walifanya hivyo mwaka 1994, wakarudia 2004 na 2012. Msimu wa 2004-05 ulifutwa wote na Kombe la Stanley likakosa mwenyewe. Mwaka 2012 wachezaji walikuwa wakipata asilimia 57 ya mapato ya hoki. Walipomaliza kuzozana walirudi uwanjani na asilimia 50. Wamejifunza, maana Julai 2025 waliidhinisha mkataba mpya zaidi ya mwaka mmoja kabla ya ule wa zamani kuisha. Shabiki wa kule anaijua tarehe ya mgomo kama anavyoijua Krismasi.

Angalia sasa kilichokosekana katika hadithi hiyo: hakuna aliyeuliza kama pesa zipo. Zipo, ziko mezani, zimehesabiwa na pande zote mbili. Ugomvi ni wa mafungu tu. Huku kwetu ugomvi huanza hatua kadhaa nyuma ya hapo.

Usisubiri notisi. Katiba yetu, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inataka notisi ya siku saba kwa maandishi. Ni utaratibu mzuri sana kwa walimu na madaktari. Mchezaji hautumii, kwa sababu ili utoe notisi ni lazima umjue mwajiri wako. Muulize mchezaji wa timu ya taifa kazi yake ni ya nani. Klabu itasema yuko kambini kwa shirikisho. Shirikisho litasema linangoja wizara. Wizara itasema faili iko Hazina. Mdhamini atasema yeye alishalipa zamani, na ana risiti.

Kwa hivyo mchezaji wetu hagomi. Huumwa na msuli. Wakiumwa na msuli wachezaji kumi na wanne siku moja, mazoezi ya asubuhi husogezwa hadi jioni, na msemaji hutoka kueleza kwamba kuna suala dogo linaloshughulikiwa. Hapo ndipo uanze kusikiliza kwa makini. Wakisema pesa “inashughulikiwa”, ngoja wiki mbili. Wakisema “iko njiani”, fahamu kwamba haijaondoka. Wakisema “wachezaji wetu ni wazalendo”, basi haipo kabisa, na timu itasafiri leo usiku.

Somo kubwa kuhusu haya utalipata hapo hapo RFUEA, ambako Chama cha Raga kina ofisi zake. Mwaka 2018 timu yetu ya wachezaji saba kila upande, Shujaa, ilikuwa moto. Chini ya kocha Innocent Simiyu ilifika fainali ya Vancouver mwezi Machi na fainali ya Hong Kong mwezi Aprili, zote mbili ikafungwa na Fiji. Kisha, mwezi Juni, vijana wakaingia uwanjani Paris wakiwa wameifunika nembo ya mdhamini kifuani, ile ya kuitangaza Kenya, kwa sababu walikuwa wakidai pesa zao. Kwa maoni yangu huo ndio mgomo wa werevu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo. Walicheza, wakakimbia, hakuna aliyeweza kusema wametoroka kazi. Walichokizuia ni kile kitambaa tu ambacho mdhamini alikuwa amekilipia.

Usifikiri werevu ulilipwa. Udhamini uliondoka. Kabla msimu uliofuata haujaanza kocha hakuwepo tena, na wachezaji wakongwe kadhaa walikataa mikataba yenye malipo yaliyopunguzwa. Wakaitwa vijana wapya. Timu iliyokuwa inacheza fainali ikamaliza msimu wa 2018-19 ikinusurika tu kushushwa daraja. Mei 2023 haikunusurika: ilipigwa na Canada jijini London, ikashuka. Ilirudi mwaka uliofuata, lakini ukikaa karibu na wazee wa raga, usiwaulize habari za 2018 kabla hawajamaliza kunywa.

Katika kandanda, soma kifua cha jezi kabla ya kusoma jedwali la ligi. Mwaka 2018 kampuni ya kamari ya SportPesa ilisimamisha udhamini wake kwa ajili ya ushuru. Mwaka 2019 leseni yake ikakwama na ikafunga biashara. Klabu zilizokuwa zikipumua kwa mirija hiyo zikaanza kuhema. Sony Sugar haikuhitaji hata kugoma: ilikosa kufika kwenye mechi tatu, ikatimuliwa ligini. Kuna kanuni ya FIFA tangu 2018 inayomruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kutoa notisi ya siku 15. Ni kanuni nzuri, ila inadhani kwamba huo mkataba uliandikwa.

Sasa jihadhari na zawadi, maana ndizo zinazowachanganya wageni. Agosti 2025, mashindano ya kandanda ya CHAN yalipochezwa hapa, Rais Ruto aliwaahidi Harambee Stars, timu yetu ya taifa, shilingi milioni moja kila mchezaji kwa kila ushindi. Kabla ya mechi ya Zambia akapandisha hadi milioni mbili na nusu, na kwa robo fainali akaongeza ahadi ya nyumba. Vijana walicheza kwa moyo, na sina neno na furaha yao. Lakini zawadi hupokelewa, haidaiwi mahakamani. Waulize Wakongo. Mwaka 1974 nchi yao, wakati huo ikiitwa Zaire, ilichukua Kombe la Afrika, na Rais Mobutu akawapa wachezaji magari na nyumba. Miezi michache baadaye, kwenye Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi, wakafungwa na Scotland 2-0, kisha wakasikia kwamba malipo yao hayatafika. Wakataka kususia mechi ya Yugoslavia. Wakashawishiwa kucheza, wakafungwa 9-0. Dhidi ya Brazil, beki Mwepu Ilunga alichomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira wa adhabu kabla Wabrazili hawajaupiga. Ulimwengu ulicheka miaka mingi, ukisema Mwafrika hajui sheria. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliijua, na alifanya makusudi kwa hasira. Mwamuzi akampa kadi ya njano.

Waganda wao walichagua njia ya kawaida. Julai 2019, kwenye Kombe la Afrika kule Cairo, siku chache kabla ya kukutana na Senegal, timu yao ya taifa, Cranes, iligomea mazoezi kwa ajili ya marupurupu. Shirikisho likasema limelipa, wachezaji wakasema bado. Walicheza, wakatolewa kwa bao la Sadio Mané. Ukiwa na rafiki wa Kampala, atakwambia nani alikuwa mwongo, na mwenzake atakwambia kinyume.

Mambo machache ya vitendo, kisha nikuache. Usinunue tiketi kabla mabasi ya timu zote mbili hayajaonekana. Usimwite mchezaji msaliti kabla hujajua kodi yake ya nyumba inaisha tarehe ngapi. Na ukimkuta mmoja wao kwenye stegi ya Dagoretti Corner, begi begani, akiliacha gari la nne lipite kwa sababu nauli imepanda na mvua, usimwombe picha. Mlipie. Akisema atakurudishia bonasi ikiingia, usiandike popote.