Paa la Wapita Njia

Simjui aliyewaambia watu wa Dar es Salaam kwamba bati zuri ni lile lililokolea rangi. Nikikutana naye sitamtukana. Nitamkaribisha tu sebuleni kwangu saa nane mchana, mwezi wa pili, nimfungie madirisha na kumzimia feni, kisha tuzungumze urembo.

Siku hizi bati lina majina kuliko mtoto wa ukoo mkubwa. Kuna msauzi, kuna migongo mipana, halafu zinakuja rangi: damu ya mzee, chokoleti, kijani kibichi, bluu, kijivu cha mkaa. Ukitaja nyeupe dukani, muuzaji anakutazama usoni kwanza kuhakikisha u mzima. "Nyeupe hatuweki, mzee. Labda uagize." Na simlaumu sana, maana akiiweka atamuuzia nani?

Kikao cha rangi nyumbani kwangu hakikuchukua muda. Mama watoto alitaka damu ya mzee. Watoto wakataka damu ya mzee. Shemeji yangu, ambaye haishi hapa wala hajachangia msumari, akapiga simu kutoka Morogoro kusema hata yeye anaiona damu ya mzee itapendeza. Mimi nikasema nyeupe. Nikaambiwa nyumba itafanana na zahanati. Nikauliza, zahanati ina ubaya gani, kwani wagonjwa hawastahili ubaridi? Hakuna aliyejibu. Bati likaja, likapigiliwa, na tangu hapo tunaiva taratibu.

Kinachoniudhi ni kwamba hakuna asiyejua. Jirani yangu wa mkono wa kulia huvaa kanzu nyeupe kila Ijumaa, na akitoka msikitini huipeleka kanzu hiyo kukaa chini ya bati la rangi ya mkaa, halafu ananiita barazani tulalamikie jua. Pembeni ya paa lake kuna tangi jeusi la maji. Saa saba mchana ukifungua bomba la bafuni kwake unaruka nyuma. Muulize sababu, atakueleza kama mwalimu wa fizikia: "Jeusi linavuta joto, jirani." Na bati je? "Aa, bati hilo ni la kupendezesha nyumba."

Kumpendezesha nani? Mwenye nyumba halioni paa lake. Yuko chini yake, anajipepea kwa gazeti. Paa tunawaezekea wapita njia, na wapita njia wenyewe wamepanda bodaboda, hawana muda wa kutazama juu.

Haya, tuhesabu. Rangi nyeupe safi hurudisha angani karibu asilimia 80 ya nguvu ya jua. Paa jeusi hurudisha kidogo mno, iliyobaki linaimeza. Jua likiwa kali, uso wa paa la giza unaweza kufika nyuzi 65 za Selsiasi au kupita, na lililopakwa rangi ya kurudisha jua, siku hiyo hiyo, likawa chini yake kwa nyuzi zaidi ya 25. Chini ya bati hilo kuna dari ya jipsamu, na chini ya jipsamu niko mimi. Feni haipozi kitu hapo. Inauchukua moto uliokusanyika darini na kunimwagia utosini, na uniti za LUKU zinateketea kwa kazi hiyo.

Msinijie na hoja ya bati tupu linalong'aa. Hilo nalo hurudisha mwanga vizuri likiwa jipya, lakini joto lile kidogo lililoingia haliachii upesi, kwa hiyo huligusi mchana. Likianza kushika kutu, hata huo mng'ao umekwisha. Rangi nyeupe ina sifa zote mbili: inalikataa jua, na joto lililopenya inalitoa.

New York, mji unaoangukiwa na theluji hadi watu wanaitoa milangoni kwa koleo, ulianzisha mwaka 2009 mpango wa kupaka mapaa rangi nyeupe. Sisi tunaoiona theluji kwenye kadi za Krismasi tunachagua chokoleti. Kule Ahmedabad, India, hawakungoja urembo: joto la Mei 2010 lilihusishwa na vifo vya ziada zaidi ya 1,300, na mapaa meupe katika mitaa ya watu wa kipato cha chini yakaja kuwa sehemu ya mpango wa mji wa kukabili joto. Na anayesema paa jeupe ni la zahanati akaulize Bermuda. Huko karibu kila nyumba ina paa jeupe linalokinga maji ya mvua, na watalii wanalipa nauli kwenda kulipiga picha.

Fundi wangu, mtu mwema lakini mwenye majibu, anasema nyeupe itachafuka. Kweli itachafuka. Vumbi na ukungu wa pwani vinaipunguzia nguvu, inabidi kuosha mara moja moja. Lakini fundi huyu huyu gari lake ni jeupe na analiosha kila Jumamosi. Akaniletea pia wazo la chokaa, kwa kuwa wazee wa Lamu na Unguja walipaka nyumba zao chokaa. Walipaka mawe, fundi! Kwenye bati chokaa haishiki, mvua ya kwanza inaipeleka mtaroni. Bati linataka kusuguliwa kutu, kuoshwa kwa sabuni, kupakwa praima, kisha rangi ya nje inayofaa mabati, mikono miwili.

Pingamizi moja tu naliheshimu: ukiwa na jirani wa ghorofa, paa jeupe litamwakia machoni. Mzungumze. Na ndugu zangu wa Makete, ambao mwezi wa saba wanalala na makoti, safu hii haiwahusu kabisa. Pakeni nyeusi mpate joto.

Mama watoto bado hajakubali. Anasema watu watasema. Kwa hiyo nina ombi kwenu wapita njia, maana ninyi ndio wenye paa: mkiona nyumba ya bati jeupe popote mjini, simameni, lisifieni kwa sauti kubwa, na kama ni mtaani kwangu, sifieni mkiwa karibu na dirisha la jikoni.