Hawakuja Kuona Bomba la Moshi

Ndugu wakipiga simu kutoka Kamina au Likasi kusema kwamba wanakuja Lubumbashi "kutembea" Jumamosi na Jumapili, mwanafunzi aliyepanga chumba Katuba huchukua karatasi akaandika programu. Jumamosi asubuhi bustani ya wanyama, mchana makumbusho, jioni picha mbele ya Posta. Jumapili kampasi, halafu uwanja wa mpira wa Mazembe. Ni programu safi kabisa, na kufikia saa sita ya Jumamosi imekwisha kufa. Hapo hutafutwa wa kulaumiwa: mvua, foleni ya magari, pikipiki iliyompeleka shangazi Ruashi badala ya mjini, viatu vya harusi alivyovaa shangazi huyohuyo. Mimi nasema wote hao wanasingiziwa. Programu iliandikiwa watalii, na waliokuja ni wakaguzi.

Ushahidi wa kwanza uko chumbani, kabla mtu hajaonyeshwa chochote. Mtalii akifika hutua mzigo na kuuliza kuna nini cha kuona. Mama wa mwanafunzi hutua mzigo wake, unga wa mahindi, samaki wakavu na vinkubala, wale viwavi wa kuliwa, ndani ya sufuria iliyofungwa kwa kitenge, na kazi inaanza palepale. Anafunua chungu. Anaugusa mbabula, lile jiko la makaa, kama bado una joto, maana mbabula baridi saa tano za asubuhi una habari zake. Anabonyeza godoro: "Hapa njo unalalaka?" Macho yake yanapita juu ya madaftari bila kusimama, yanatua kwenye kikombe cha miswaki, na hapo yanahesabu. Miswaki ikiwa miwili, siku mbili zote zimegeuka. Kijana ataeleza kwamba wa pili ni wa mwenzake aliyekosa nafasi kwenye mabweni ya kampasi, anayejibanza hapa mpaka mwaka uishe. Maelezo hayo mara nyingi ni kweli tupu, kwa kuwa Lubumbashi imejaa wanafunzi wanaojibanza kwa wenzao, lakini ukweli haujawahi kumwokoa mtu mbele ya mswaki wa rangi ya waridi. "Huyu njo nani?" huulizwa mara moja tu, kwa sauti ya chini, na bustani ya wanyama haitajwi tena mpaka alasiri.

Ushahidi wa pili ni ramani yenyewe. Katuba iko kusini, na kampasi iko upande wa pili wa mji, kwenye barabara ya Kasapa. Anayelala huku na kusoma kule huvuka katikati ya mji kila siku, na kwa hiyo ukoo mzima unaamini kwamba anaujua mji. Anachokijua ni mahali pa kushuka basi moja na kugombea jingine. Muulize ukumbi mkubwa wa maigizo ule wa miaka ya 1950 uko wapi, atakuelekeza kwa muuza krediti za simu aliye jirani nao. Na anayeongozwa naye ni nani? Aghalabu ni baba mkubwa aliyemaliza ujana wake kwenye kampuni ya madini ya Gécamines na kuondoka na bahasha mkononi mwaka 2003, pale wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo walipotolewa kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. (Aliyeupa mpango huo jina hakuwa miongoni mwa walioondoka.) Mzee kama huyo anasimamishwa mbele ya bomba la moshi la kampuni na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, na kijana anaanza kueleza kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mzee anamwacha amalize. Kisha anasema moshi ule ulikuwa ukielekea wapi upepo ukigeuka, nguo zilizoanikwa zilinukaje, nani alikaa katika nyumba ipi ya kambi. Ukimsikiliza vizuri utamsikia akitaja Élisabethville, jina ambalo mji ulipewa mwaka 1910 na kuvuliwa mwaka 1966, kana kwamba ni la juzi. Kufikia jioni anayetembezwa ni kijana, na baba mkubwa amepata jibu la swali lililomleta: miaka mitatu hapa, mtoto huyu hajajifunza hata mji.

Kampasi nayo haiokoi jahazi. Mwanafunzi huwa ameihifadhi historia ya chuo kwa ajili ya siku hiyo: kwamba kilianza miaka ya 1950 kama chuo rasmi cha Kongo na Ruanda-Urundi, kikamezwa na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire mwaka 1971, kikawa Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwaka 1981. Mama husikiliza kwa adabu. Ana shida moja tu, nayo ni kwamba nyumbani akisema mtoto yuko Kasapa, jirani humpa pole, kwa sababu gereza kuu la mji liko Kasapa pia. Amesafiri kuhakikisha. Akisharidhika kwamba haya ni madarasa, kitu kimoja tu ndicho anachotaka kuona, na hakimo kwenye programu: valvu, ule ubao ambapo matokeo ya mitihani hubandikwa, karatasi zimepauka kwa jua na pembe zake zimechanwa na waliokasirika. Hapo ndipo utagundua kwamba kampasi ina njia nyingi, bustani nyingi na miti mingi inayostahili kupigwa picha, na yote iko upande ambao ubao haupo.

Atasema mtu: yupo mama ambaye hajafika mjini tangu azaliwe, na kumnyima simba wa bustani ya wanyama ni ukatili. Apelekwe, sikatai. Lakini msimame karibu mumsikilize. Mbele ya simba atauliza anakula nyama kiasi gani kwa siku, na nani analipa. Akishajibiwa, atageuka kimya na kuviangalia viwiko vya mwanawe. Kwenye makumbusho ataona chungu cha zamani na kuuliza kwa nini mtoto anapikia sufuria iliyotoboka. Ukaguzi haukomi kwa kulipiwa kiingilio.

Pingamizi la mpira ni gumu zaidi, na hapa nakubali kushindwa nusu. Mjomba mshabiki wa Mazembe akifikishwa kwenye uwanja wa Kamalondo uliofunguliwa mwaka 2011, anakuwa mtalii halisi. Anasahau ada, anasahau miswaki, anaanza kutaja vikombe vya Afrika kimoja kimoja, 1967, 1968, 2009, 2010, 2015, na kuhusu fainali ya dunia dhidi ya Inter Milan mwaka 2010 atakuambia kila kitu isipokuwa mabao matatu. Kuna wazee wenye heshima zao waliowahi kukaa chini pale barabarani kuonyesha jinsi kipa Kidiaba alivyokuwa akirukaruka kwa makalio. Basi mwenye mjomba wa namna hiyo ana saa mbili za amani. Ila ajue kwanza kama mjomba si wa Lupopo, mahasimu wa Mazembe, maana hapo saa hizo mbili zitakuwa za mahubiri.

Wengine watanilaumu kwamba nawafanya wazazi kuwa askari. Sivyo. Kodi ya chumba Katuba hutoka kwenye magunia ya mahindi, mbuzi aliyeuzwa kabla ya wakati wake, mchango wa kanisa. Mtu aliyeuza mbuzi ana haki ya kuona mbuzi wake amegeuka nini. Ndiyo maana naona programu ifutwe yote na watu wabaki lupango, yaani uani kwenye nyumba ya kupanga. Usongwe bukari, sombe ipikwe mpaka ilainike, viti vitolewe chini ya mwembe, na aitwe mama mwenye lupango. Yeye ndiye kivutio chenyewe. Anajua taa ilizimwa saa ngapi na mlango uligongwa saa ngapi, anajua nani hulipa mwishoni mwa mwezi na nani hujifanya mgonjwa, na atatoa ripoti nzima bila kiingilio, huku mwanafunzi akichota maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Gharama ni ndogo kuliko teksi, na shangazi anaweza kuvua viatu.

Kuhusu Jumapili hakuna la kubishania: ibada itaanza asubuhi, mhubiri atawatambua wageni, wageni watasimama kushukuru mmoja mmoja, na jua litakuwa limeshapinda watakapotoka. Kinachobaki ni kituo cha basi. Pale mama humshika mkono mwanawe muda mrefu kidogo kuliko desturi, na noti zilizokunjwa hupita kutoka kiganja hadi kiganja bila neno. Hazihesabiwi mbele yake. Huhesabiwa basi likishakata kona, na baada ya hapo hakuna haja ya kwenda kusoma valvu.