Kumi na Sita Mbele ya Kumi

Katika kasha la karata 52 hakuna hata moja iliyoandikwa 16, lakini mimi ndiyo ninayogawiwa. Huja vipande vipande: mara 10 na 6, mara 9 na 7. Mgawaji naye huwa ameweka 10 mbele yake, uso wazi, wala hana haraka na mtu.

Kwa asiyecheza blakijeki: kila mtu hutaka kuikaribia 21 kuliko mgawaji, bila kuivuka. Ukiwa na 16, ukichukua karata huenda ukavuka, na ukisimama huenda mgawaji akakupita. Waliopiga hesabu wanasema 16 mbele ya 10 hushindwa takriban mara tatu katika kila mara nne, uchukue usichukue. Wanakushauri uchukue, kwa kuwa msiba unapungua kiduchu.

Elimu hii nilipewa na shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu, ambaye hugawa karata katika kasino moja ya Las Vegas. Nilipokwenda kuwatembelea alikataa katakata nisikanyage kasino kabla sijahitimu jikoni kwake. Akanipa jedwali: ubavuni karata zangu, juu karata ya mgawaji, katikati vichumba vya rangi, kila kimoja na agizo lake.

"Shemeji," akasema, "humu hamna mambo ya 'nahisi'. Humu mna amri."

Tulichezea kunde, mpaka dada alipokuja na sufuria akauliza nani kati yetu ameshikilia chakula cha mchana. Tukahamia njiti za kiberiti.

Jedwali lenyewe lina ukoo wa heshima. Mwaka 1956, wanaume wanne waliokutana jeshini huko Aberdeen, Maryland, yaani Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, walichapisha katika jarida la kitakwimu la Marekani njia bora ya kucheza kila mkono. Hesabu zote walizipiga kwa mashine za mezani, bila kompyuta. Walichokishika ni kwamba mgawaji hana hiari: akiwa na 16 lazima achukue, akifika 17 lazima asimame. Mtu asiye na hiari unaweza kumpigia hesabu mapema. Nikakariri: ree mbili zitenganishe, nane mbili zitenganishe, kumi mbili usiziguse, 11 ongeza dau maradufu, na bima usinunue hata ukibembelezwa.

Nilipomaliza kukariri, nikiwa nimeanza kujiona profesa, shemeji akanifungulia ukurasa wa pili. Kumbe jedwali lile lilikuwa la meza moja tu. Kuna nyumba (yaani kasino) ambamo mgawaji husimama kwenye 17 yoyote, na kuna nyumba huchukua tena ikiwa ni 17 laini, yaani ree na 6, ree ikihesabiwa 11. Sentensi hiyo fupi iliyoandikwa juu ya kitambaa cha meza huiongezea nyumba faida ya asilimia 0.2 hivi, na huhamisha vichumba kadhaa vya jedwali. Ree na 7 mbele ya 2, nilizoambiwa nisimame nazo, sasa niongeze dau. Ree na 8 mbele ya 6, vivyo hivyo. Kuna nyumba unaruhusiwa kusalimu amri ukarudishiwa nusu ya dau, na hiyo ndiyo tiba bora ya 16 mbele ya 10. Kwingine hakuna kusalimu amri, unakufa umesimama. Wahenga walisema ukifika kwa wenye chongo nawe fumba jicho, lakini hawakusema ni jicho lipi.

Kasino yenyewe ilikuwa na mitihani ambayo haikuwamo jikoni. Mgawaji wangu wa kwanza alikuwa mama wa makamo, nami kwa malezi ya pwani nikamnyooshea mkono kumsalimia. Hakuupokea, kwani mikono ya mgawaji hutazamwa na kamera muda wote. Zamu yake ilipokwisha alipiga kofi moja jepesi, akageuza viganja juu na chini kuonyesha kwamba hakuondoka na kitu. Mimi nikadhani ameomba dua. Nikaitikia, "Amin."

Kisha nikagundua kwamba mezani pale mikono ndiyo inayozungumza. Kugonga meza maana yake nipe karata, kupunga kiganja maana yake nasimama. Sasa mtu wa Mombasa atasimuliaje habari mikono ikiwa imetulia? Jirani aliniuliza natoka wapi. Nikapunga mkono kumwonyesha ukubwa wa Bahari ya Hindi, nikawa nimesimama na 11. Baadaye akatoa kichekesho, nikagonga meza kwa kicheko, nikaletewa 8 juu ya 19 yangu.

Ni jirani huyohuyo aliyenihakikishia kwamba meza yetu ni ya neema, kwa kuwa blakijeki yenyewe, yaani ree na karata ya 10, inalipwa sita kwa tano badala ya tatu kwa mbili, na sita ni kubwa kuliko tatu. Ukiweka dola 10, tatu kwa mbili hukupa 15 na sita kwa tano hukupa 12. Ukilifuata jedwali bila kuyumba kwenye meza nzuri, nyumba inabaki na faida ya kama nusu asilimia. Huku kwa sita kwa tano inajiongezea takriban asilimia 1.4. Kunde zote zile hazikutosha kulipia maandishi yale.

Safari ya kurudi ilinipitisha London, na huko mambo yakageuka tena. Mgawaji alijigawia karata moja tu, ya pili akaingoja mpaka sote tumalize. Kwa hiyo ukiongeza dau kwenye 11 mbele ya 10, naye mwishoni akavuta ree, anayazoa madau yote mawili. Dawa ni kuchukua karata kimyakimya bila kuongeza kitu. Hata nane mbili mbele ya 10 hazitenganishwi. Shemeji alinitumia jedwali la kule kwa simu, lakini simu mezani zilikuwa marufuku, nikawa nalisomea msalani. Baada ya kuinuka mara kadhaa, mwanamke aliyekaa kulia kwangu alinipa jina la dawa nzuri ya tumbo.

Kushoto kwangu alikaa mzee aliyekuwa akinilaumu kwamba nachukua karata zake. Nilijaribu kumweleza kwamba karata nisiyoijua inaweza kumwokoa kama inavyoweza kumwangamiza. Hakunijibu. Kisha akagawiwa 10 na 6. Mgawaji akaweka 10.

Mzee akanigeukia. "Haya, msomi. Nifanyeje?"

Nikamuuliza mgawaji kama nyumba inaruhusu kusalimu amri. Hairuhusu.

"Chukua," nikamwambia.

Ikaja 5. Ishirini na moja! Mzee alinikumbatia, akaitangazia meza nzima kwamba kumbe alikuwa amekaa na mtaalamu. Watu wawili wakasogeza viti, na yule mwenye dawa ya tumbo akaanza kunionyesha karata zake. Nikakusanya kilichobaki, nikaaga, nikatoka haraka kabla hazijafika zile mara tatu katika kila nne.