Hati ya Nasaba ya 67

Mkutano wa wanahisabati wa Marekani ulipokwisha kutawanyika, Oktoba mwaka 1903, katika ukumbi mmoja wa New York walibaki Ubao na kipande cha Chaki.

CHAKI: Shikamoo, mzee Ubao. Nimeliwa nusu ya mwili kwa ajili ya Profesa Cole, mtu asiyetamka hata neno moja: akazizidisha 2 zipatazo 67, akatoa 1, akahamia upande wako wa pili na kuzidisha namba mbili nyingine, majibu yakalingana sawasawa, naye akarejea kitini, na waungwana, badala ya kumwona ana wazimu, wakampigia makofi! Waliona nini?

UBAO: Marahaba, mwanangu. Waliona mtu akivuliwa kilemba. Mwaka 1644 padri Mersenne wa Ufaransa alitoa orodha akidai kwamba 2 zikizidishwa hivyo kisha ikatolewa 1, basi kwa 67, 127 na 257, pamoja na wengine wadogo, hupatikana namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa nafsi yake. Na kwa kuwa padri ni mtu wa heshima, na huyo wa 67 ana tarakimu 21, nani angethubutu kumdai hati?

CHAKI: Miaka 259 asiulizwe!

UBAO: Aliulizwa. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Lucas, alithibitisha kwa kanuni kwamba huyo wa 67 si tasa, bila ya kukijua hata kigawo chake kimoja; ni kama kadhi ahukumuye kuwa fulani si sharifu, na baba yake asiweze kumtaja. Hukumu ni sahihi kabisa, lakini watu wa barazani hawaridhiki mpaka walisikie jina la baba.

CHAKI: Ndipo Cole akawaleta wazazi, 193,707,721 na 761,838,257,287. Nami nilidhani ameokota tu njiani.

UBAO: Aokote! Kigawo chochote cha namba ile, ukikigawa kwa 134, yaani 67 mara mbili, hakina budi kubakisha 1. Sharti gumu hilo, na hata hivyo namba zinazolitimiza, kuanzia 135 hadi kumfikia huyo mzazi mdogo, ni 1,445,580. Ilimlazimu kuzichuja kwa masharti mengine juu ya hilo, la sivyo angezeeka kabla yako.

CHAKI: Basi na 127 avuliwe!

UBAO: Taratibu, kijana. Huyo Lucas alimthibitisha mwaka ule ule wa 1876. Ana tarakimu 39 na hati yake ni safi. Aliyedhulumiwa ni 61, tasa wa haki, ambaye padri hakumwandika kabisa, akakaa ukumbini na wageni hata mwaka 1883 alipothibitishwa.

CHAKI: Na 257?

UBAO: Yumo orodhani, hati hajaonyesha, na katika ukoo mzima ndiye anayezungumza kwa sauti kubwa kuliko wote habari za mababu zake.