Hongera kwa Wavuta Bahari ya Kichupa

Tuwapongeze majirani zetu wa ghorofani, Oysterbay, kwa kuachana na mishumaa ya parafini. Parafini hutokana na mafuta ghafi; nani anataka undugu na lori sebuleni? Sasa ni afya kwanza: madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinanguruma, na ukutani kimechomekwa kichupa kinachopulizia "Upepo wa Bahari". Bahari yenyewe iko ng'ambo ya barabara, lakini haina lebo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Utaiaminije?

Jikoni wana manukato ya karafuu kutoka Ufaransa. Wana haki. Karafuu ya Pemba huanikwa kwenye majamvi hadharani, kisha yeyote mwenye sufuria anaichemsha na mdalasini, nyumba nzima ikanukia. Kitu kisicho na boksi kitanukiaje kwa heshima? Bibi naye alitandaza asumini kitandani bila kusoma maelekezo. Bahati yake aliuona uzee.

Mchaichai tusiutaje. Unaota uani bure, kwa hiyo mtunza bustani ameagizwa aung'oe: unaziba nafasi ya maua ya plastiki.