Milioni 31 kwa Kila Lori

Fundi wa kompyuta mjini Kolwezi mara nyingi hakai chumba kimoja na mashine anazozitunza. Seva moja iko Lubumbashi, kilomita 300 hivi kutoka hapo. Nyingine imefungiwa ndani ya kontena karibu na mizani ya malori. Ya tatu ni ya majaribio, na hata ikizimika wiki nzima hakuna atakayelalamika. Zote huingiwa kupitia laptopu moja, na kwenye kioo zote zina sura ileile: dirisha jeusi, jina fupi, alama ya dola, na kishale kinachopepesa kikingoja amri. Kijana mmoja wa kazi hiyo, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa bado anatafuta wateja, aliamua kuzitofautisha kwa rangi siku alipoizima seva ya mizani akidhani anaizima ya majaribio. Malori yakapanga foleni, na madereva wa Kolwezi wanajua kupiga honi.

Dawa yenyewe ni ya kawaida. Ule mstari mfupi unaotangulia amri, ambao mafundi huuita prompti, hukubali kupakwa rangi: nyekundu kwa mashine ya kazi, kijani kwa ya majaribio. Katika Bash, programu aliyoiandika Brian Fox na ikatoka mwaka 1989, kinachobadilishwa ni kigezo kimoja tu, PS1. Wekundu huanzia kwenye \e[31m na kukomea kwenye \e[0m. Basi, kazi imekwisha.

Imekwisha kwa mwenye kibodi ya Kimarekani. Kibodi ya Kifaransa, aliyoikulia fundi wetu, imeficha mkwaju wa nyuma kwenye kitufe cha 8 na bano la mraba la kufungulia kwenye cha 5, na vyote viwili havitoki mpaka ushikilie AltGr. Tarakimu nazo zinadai Shift. Kwa hiyo ni AltGr na 8, uachie, e, AltGr na 5, Shift na 3, Shift na 1, ndipo m. Kidole gumba kikichelewa kidogo tu kuiachia AltGr, ile e inageuka kuwa alama ya euro. Ndivyo prompti yake ya kwanza ilivyoanza na euro, katika mji unaohesabu kwa dola na faranga.

Lawama za awali zimwendee Mmarekani Bob Bemer, aliyependekeza herufi ya Escape, ile \e, mwaka 1960. Herufi hiyo, namba 27 katika ASCII, haichapi kitu. Inaitaarifu mashine kwamba yanayofuata yasichukuliwe kuwa maandishi ya kawaida. Mwaka 1978 kampuni ya DEC ilitoa kituo cha VT100 kilichoeneza misimbo ya namna hii duniani, ingawa chenyewe hakikuwa na rangi hata moja. Rangi nane zikapewa namba 30 hadi 37, na namba hizo hazijabadilika hadi leo.

Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, inaishi kwa shaba na kobalti. Kijana akaona si vibaya seva zake zikavaa rangi za nyumbani. Kijani hakikumsumbua, kwa sababu malakiti, jiwe la shaba, ni ya kijani popote ulipo. Kobalti ndiyo iliyomtesa. Aliweka 34, buluu, na seva ya Lubumbashi ikapotea gizani: buluu ya kizamani juu ya kioo cheusi haisomeki. Mchimbaji yeyote angemwonya. Kobalti ya Kolwezi hutoka ardhini ikiwa nyeusi, ndani ya jiwe la heterojeniti; ule ubuluu ni mambo ya watengeneza vioo na vyungu.

Shaba ilikuja na vituko vyake. Msimbo 33 ni manjano, lakini kwenye kioo kitupu cha Linux, kabla madirisha hayajawaka, hutokea kahawia. Huo ni urithi wa kompyuta za IBM za miaka ya 1980, ambazo kioo chake cha rangi kilikuwa na sakiti maalumu ya kupunguza kijani ili manjano iliyofifia isichukize. Kwa hiyo kijana alipata shaba yake siku zile tu ambazo madirisha yamegoma kuwaka, yaani siku ambazo hakuwa na muda wa kuitazama. Terminali za kisasa zinamruhusu kuandika \e[38;2;184;115;51m, shaba iliyosuguliwa kabisa, na kila tarakimu hapo inadai Shift.

Rangi zilipokaa sawa, amri zikaharibika. Akiandika amri ndefu, ikifika ukingo wa dirisha haishuki mstari wa chini; inarudi mwanzo wa mstari uleule na kuyakanyaga maneno yaliyokuwapo. Akibonyeza mshale wa juu kutafuta amri za jana, mabaki ya moja yanajishona kwenye nyingine, na akibonyeza Enter inatekelezwa amri ambayo haionekani kwenye kioo. Kwa seva yenye mizani ya malori, huo si mchezo.

Kosa lilikuwa la hesabu. Misimbo ya rangi haichukui nafasi kwenye kioo, lakini Bash ilikuwa ikiihesabu kama herufi, hivyo ikakosea mahali mstari unapoishia. Wachimbaji wadogo wanaouza mawe yao kwenye depo za Musompo wanalijua vizuri zogo la mizani: kipi ni mzigo, kipi ni gunia, na maji yanakatwa kiasi gani? Bash ilikuwa inapima pamoja na gunia. Msimbo ulipaswa kufungwa kati ya \[ na \], ili ijue kwamba hiki kisipimwe. Wekundu ukawa \[\e[31m\], na gumba likarudi kwenye AltGr.

Bado kulikuwa na orodha ya malori. Kijana aliandika programu ndogo iliyoonyesha kwa rangi nyekundu malori yaliyochelewa kufika Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwenye kioo ilipendeza. Akaielekeza kwenye faili na kulituma kwa mhasibu wa ofisi, mama wa makamo anayesoma kila tarakimu. Ndani ya faili hakuna rangi. Kuna misimbo mitupu, na herufi ya Escape yenyewe haikuonekana. Kabla ya namba ya kila lori palisomeka [31m, na baada yake [0m. Simu ikalia.

“Mwanangu, nani ameidhinisha milioni 31 kwa kila lori? Na mbona mwisho wa mstari zimebaki sifuri?”

“Mama, hiyo ni rangi nyekundu tu.”

“Rangi nyekundu ya milioni 31?”

Kwa faranga za Kongo hiyo ni zaidi ya dola 10,000, imeingia kwa lori na kuyeyuka kabla mstari haujaisha. Mkaguzi gani angenyamaza?

Tiba ni kuifundisha programu ijiulize kama inaandikia kioo au faili. Katika Bash kipimo hicho ni [ -t 1 ]; amri za ls na grep hufanya vivyo hivyo zikiambiwa --color=auto. Aliweka, na mama akapokea orodha safi. Tatizo ni kwamba mtu wa zamu ya usiku alizoea kuipitisha orodha kwenye programu iitwayo less ili aisome polepole, na kwa programu ya kijana hapo si kioo tena. Wekundu wote ukatoweka. Akapiga simu saa nane usiku, amefurahi kwelikweli: “Shefu, barabara ya Likasi leo ni nzuri, hakuna hata lori moja lililochelewa!”

Siku iliyofuata kijana aliongeza chaguo la kulazimisha rangi, akamwelekeza mwenzake atumie less -R, kisha kwa usalama akaandika neno LIMECHELEWA kando ya kila lori husika. Mhasibu akauliza kama na hilo lina bei.