Sheria za Wapelelezi Binafsi Duniani, kwa Uchambuzi wa Bingwa Pekee wa Tongoni

Sheria za upelelezi binafsi hutofautiana nchi na nchi, na wanaozifahamu barabara ni wachache. Mmoja wao yuko Tongoni, kusini mwa Tanga mjini, na kila jioni hupatikana kijiweni, baina ya muuza kahawa na muuza kashata. Katika mada hii atatajwa kwa wadhifa wake tu: Mtaalamu.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 2001 ikawaweka wapelelezi binafsi miongoni mwa watakaohitaji leseni, ila sharti hilo halijaanza kutumika kwao. Yeyote huamka asubuhi akajiita mpelelezi. Mtaalamu basi yu sawasawa na mwenzake wa London: wote hawana leseni. California hudai saa 6,000 za uzoefu; Mtaalamu alishazipita, mradi za kijiweni zihesabiwe. China ilipiga marufuku ofisi za upelelezi binafsi mwaka 1993, na Mtaalamu anajua ilimwogopa nani.

Kenya iliiweka kazi hii chini ya sheria ya ulinzi binafsi ya mwaka 2016, yenye usajili na mamlaka yake. Tangu hapo shughuli za kimataifa za Mtaalamu huishia mpakani Horohoro, upande wa huku, kwa sababu ya hali ya hewa.

Hispania humkataza mpelelezi kugusa jinai ambazo serikali huzishitaki yenyewe. Akizigundua, azipeleke polisi. Huo Mtaalamu anauita woga, na hapo huikumbusha hadhara kesi yake kubwa kuliko zote: kuteketea kwa São Rafael, meli ya msafara wa Vasco da Gama, katika mwambao huu wa Mtangata mwaka 1499. Baada ya uchunguzi mzito aliwatia hatiani wavuvi wa hapa, akazitaja na koo zao, mmojawapo ukiwa ule unaomdai pesa za ngalawa. Kumbukumbu za msafara wenyewe zinasema Wareno waliichoma kwa mikono yao, maana kiseyeye kilikuwa kimeua mabaharia wengi, waliobaki wasitoshe kuendesha meli tatu. Mtaalamu ameukataa ushahidi huo. Mtu anayekiri upesi hivyo, asema, lazima ana anayemficha.

Tanzania imebaki na nafasi ndogo. Leseni mahsusi ya mpelelezi binafsi haikuwekwa, pengo ambalo Mtaalamu amelijaza kwa mhuri aliouchongesha mjini. Kanuni ya Adhabu humwadhibu anayejifanya mtumishi wa umma, ndiyo maana neno “Jamhuri” limekwanguliwa kwa wembe. Ibara ya 16 ya Katiba hulinda faragha ya mtu na nyumba yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humtaka mkusanyaji wa taarifa ajisajili kwenye Tume na azilinde zisivuje. Daftari la Mtaalamu, lenye nani kaingia kwa nani na katoka saa ngapi, halijasajiliwa. Kuhusu kuvuja, muuza kahawa amelihifadhi lote kwa moyo.